Sisimizi Wasio na Njia

Sisimizi wa kweli ana njia. Ukimkuta kwenye mahindi, yaache mahindi kwanza, fuata mstari wake. Utaona unashuka kwa mguu wa kihenge, ghala la mahindi, unavuka vumbi la uani na kuingia kwenye tundu. Mwaga majivu ya moto hapo, kazi imekwisha. Lakini yuko mdudu mwingine, mdogo kama mbegu ya ufuta, mwekundu kifuani na mweusi nyuma, mwenye miguu mirefu na mbio zilezile za sisimizi. Huyo hana mstari. Kila mmoja anakimbia kivyake. Ukimtazama mara moja utaapa kuwa ni sisimizi. Watu wengi wameapa hivyo, na mimi nilifukuzwa kwangu kwa kiapo hicho.

Anayetaka kumtambua aangalie shingo. Sisimizi amebanwa kiunoni, kati ya kifua na tumbo. Huyu amebanwa shingoni, kama aliyefungwa uzi nyuma ya kichwa. Masharubu ya sisimizi yamekunjika kama kiwiko. Ya huyu yamenyooka. Halafu mbane kidogo kwa ukucha. Mgongo wake ni gamba gumu lililopasuka katikati, na chini ya gamba kuna mabawa yamekunjwa, laini kuliko ganda la kitunguu. Ni mbawakawa, ndugu wa fukusi. Ila fukusi anakula punje, na huyu hali punje. Anakula ukungu. Ukimwona kwenye mahindi yako ujue yameoza, hata kama juu yanang'aa.

Sikusoma. Baba yangu, Mahona, alisema msichana atajifunza jikoni, na nilipokua akapokea ng'ombe wa mahari kwa Mayige nikapelekwa Nkoma. Huko nililima pamba mpaka viganja vikawa kama gome. Nilimzalia Mayige watoto, akabaki mmoja, Kabula. Kisha Mayige akaoa mke wa pili, Nyanjige, nami nikampokea na kumwonyesha kisima.

Mwaka nilioharibikiwa, pamba ilizaa mpaka matawi yakalala chini. Mayige alitaka yote iwe ndani kabla wanunuzi hawajafungua msimu. Mahindi nayo yalikuwa yamevunwa lakini hayajakauka.

"Baba Kabula," nilimwambia, "mahindi haya bado yana maji. Tuyaanike tena."

"Uanike wakati pamba inadondoka? Weka kihengeni."

Nikaweka. Vyumba vilijaa pamba, sisi wenyewe tukalala nje, na mahindi yenye maji yakafunikwa kwenye kihenge na kusahauliwa. Nilipofunua, ilinipiga harufu ya kitu kilichofungiwa, na wale wadudu wakatapakaa mikononi mwangu. Nikaita watu. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliita watu.

Alikuja Mboje, kaka mkubwa wa Mayige, mtu wa sungusungu, anayesikilizwa. Akainama akazunguka kihenge akitafuta njia yao. Akaangalia miguu ya kihenge, akaangalia ardhi, hakuona mstari wowote. Kwa watu wa pale jambo hilo linatosha. Sisimizi mwenye njia amekuja mwenyewe. Asiye na njia ametumwa. Akaitwa mfumu, mpiga ramli, akapasua kuku, akamsoma ndani, akasema mtumaji anakula hapohapo nyumbani. Waliokuwa wanakula pale ni Mayige mwenyewe, Kabula ambaye alikuwa mtoto, Nyanjige aliyekuwa bado anaitwa bibi harusi, na mimi. Wote wakanitazama.

Waliniketisha uani mchana kutwa. Mboje hakunipiga. Alinisihi, akiniita mayu, yaani mama.

"Kiri tu, mayu. Ukikiri tutakusafisha, maisha yataendelea. Wangapi wamekiri na wako kwa waume zao?"

"Nikiri nini, shemeji? Sikufanya."

"Unaona ubishi huo?"

Sikukiri. Walimwaga mahindi yote, wakanifungia nguo zangu kwenye shuka, na Kabula akashikwa mkono na Nyanjige asinifuate. Nikasikia baadaye kuwa watu walisema nilifukuzwa kwa uchawi. Nilifukuzwa kwa kukataa kusema uongo.

Ndugu zangu hawakunitaka, waliogopa kudaiwa ng'ombe. Nikaenda Bariadi mjini, nikapata kibarua kwenye banda la mfanyabiashara wa nafaka, kupepeta na kuchambua choroko, mchele, mahindi, chochote kilicholetwa kutoka Sapiwi au Zagayu. Unakaa chini, unapewa ungo, unapepeta mpaka mabega yanakufa. Jioni unarudi chumbani. Ugali wa mtu mmoja hausongeki vizuri, mwiko unakosa cha kushindana nacho. Nilikuwa nausonga mwingi kwa mazoea, kesho yake nakula kiporo. Asubuhi nilikuwa nasema "mwangaluka" kwa sauti, nikiwa bado kitandani, nisikie tu salamu ya kwetu ikisemwa. Hakuna aliyekuwepo wa kuitikia. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji vijana, wanapita na simu masikioni, wananiita bimkubwa, hawajui hata jina langu.

Ni kwenye ungo ndipo nilipokutana nao tena. Gunia lililonyeshewa lilifunguliwa, nao wakaanza kukimbia kati ya punje, kila mmoja na upande wake. Wanawake wengine walipuliza wakaendelea na kazi. Mimi nilimchukua mmoja nikamweka kiganjani. Tangu siku hiyo nikawa sipepeti bila kuwatafuta. Gunia kavu, hawamo. Gunia lenye maji, wamo. Nikaweka sisimizi wa kweli na wa uongo pamoja kwenye kifuniko cha sufuria, nikawatazama mpaka nikajua shingo, masharubu na mabawa.

Aliyekuwa anakaa jirani yangu bandani ni Nyamizi, bibi mwenye maneno mengi.

"We Generoza, wadudu hao ni shemeji zako? Mbona unawaangalia hivyo?"

"Ndio walionifukuza kwangu."

"Hao? Basi mume wako alikuwa hodari, kuogopa kitu kidogo hivyo." Akacheka mpaka akakohoa. "Ungenikuta mimi, ningewakaanga nikampa na mboga."

Nyamizi ndiye mtu pekee aliyenichekesha mjini. Kisha naye akaacha kucheka. Kulikuwa na mahindi yaliyokataliwa, meusi kwenye kiini, ya kutupwa. Nilimwambia asichukue, wadudu wale walikuwa wamejaa humo. Alisema atayaosha na kuyaanika, jua linaua kila kitu. Mjukuu wake akavimba tumbo, macho yakawa ya njano kama yai, akafa hospitalini. Daktari alisema ni sumukuvu, sumu ya ule ukungu, haioshwi wala haipikwi ikaisha. Nililala msibani nikiwa nimemshika Nyamizi mkono. Baada ya hapo hakurudi bandani. Nafasi yake ilikaliwa na mtu asiyesema.

Miaka ikaenda. Siku moja akaja bandani Marcelo, katekista wa Nkoma, ameshika kofia mkononi.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

"Kabula alijifungua mtoto wa kiume, sasa ana miezi saba. Josia. Kabula bado yuko kwa baba yake, alikuja kujifungulia kwao kama ilivyo desturi."

"Desturi naijua. Msichana hujifungulia mikononi mwa mama yake."

Akageuza kofia. "Ndiyo maana nimekuja. Nimezungumza sana na Mayige. Amekubali uje kwenye ubatizo. Ukae na wanawake wenzako. Wazee wa ukoo watakuwepo, na yeye atasimama mbele yao aseme kwamba yale ya zamani yamekwisha. Utakuwa huru kuja kwa mjukuu wako wakati wowote."

"Atasema sikufanya?"

"Atasema yamekwisha."

"Hayo si maneno mamoja, Marcelo."

"Mayu," alisema kwa upole, "pokea hicho ulichopewa."

Nikapokea. Nani angekataa? Nilinunua kitenge, nikaosha viatu, nikafika Nkoma Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo. Nyumba ya Mayige sasa ilikuwa ya bati. Uani kulikuwa na kihenge kipya, kikubwa, na kwenye paa lake kilining'inia kitambaa cheusi kilichofungwa kitu ndani. Nilijua ni nini. Mfumu amekikinga.

Mayige alinisalimu bila kunitazama. Nyanjige, nimpe haki yake, aliniletea kigoda. Kabula alitoka ndani, mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi, akapiga magoti, akasema "Mwadila, mayu," kisha akaniwekea mtoto mapajani kabla sijaitikia. Josia alikuwa mzito, ana meno mawili. Alinishika pua. Sijui nilisema nini. Najua nililia na Kabula akajifanya haoni.

"Ameanza uji," Kabula aliniambia. "Mahindi ya kupeleka mashineni wiki ijayo naomba uyasafishe wewe, mayu. Hiyo ndiyo kazi yako, na ni ya mjukuu wako."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikaketi na ungo kati ya wanawake, nikarusha mara moja, mara mbili, nikaona kitu chekundu kikikimbilia ukingoni. Kikafuata kingine upande wa pili. Nikaacha kurusha. Nikamchukua mmoja nikamwangalia shingo.

"Haya mahindi mliyaweka lini?" nilimuuliza Kabula.

"Wakati wa pamba. Tulikuwa na haraka."

Niliuma punje ikakatika. Kiini kilikuwa cha kijani kinachoelekea weusi. Nikaenda kwenye kihenge, nikazamisha mkono mpaka kwapani. Ndani kulikuwa na joto kama la mtu mwenye homa.

Mayige alikuwa ameketi na wazee kivulini mwa nyumba, Mboje pembeni yake, Marcelo naye. Niliwaendea nimebeba ungo.

"Baba Kabula, mahindi haya yameoza. Yana sumu. Hawa si sisimizi, ni wadudu wa ukungu. Tazameni." Nikambana mmoja kwa mwiba, mabawa yakatokeza. "Sisimizi hana mabawa haya."

Mboje alisogeza uso. "Sisimizi mwenye mabawa si ni kumbikumbi? Mkaange ule, mayu, umetoka safari."

Wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Umefika leo," Mayige alisema, "na leo hii umeanza na kihenge changu."

"Nimeona mtoto akifa kwa mahindi ya namna hii. Mjukuu wa mwenzangu."

"Kihenge hiki kimekingwa. Aliyekikinga alikula fahali mzima. Hakuna kitu cha kutumwa kinachoweza kupita pale, kwa hiyo hao ni sisimizi wa kawaida. Wapepete watoke."

"Kama ni wa kawaida, njia yao iko wapi?"

Mzee mmoja akageuza kichwa kutazama ardhi chini ya kihenge.

"Uwanja umefagiliwa kwa ajili ya wageni," Mayige akajibu. "Njia imefagiliwa."

Marcelo alinivuta pembeni. "Mayu, nakuomba. Hayo tutayazungumza baadaye. Kesho asimame aseme mbele ya watu. Ikipita kesho umerudi. Usimpe sababu leo."

Nilirudi kwa wanawake. Kabula alikuwa ameketi na kikombe na kijiko, anamlisha Josia uji.

"Huo unga ni wa mahindi gani?"

"Hayahaya, mayu. Tuna kihenge kimoja."

"Mwache, mwanangu. Usimpe. Nawe usile."

Akanitazama kwa hasira, nami nikaona uso wa baba yake. "Umekuja kutuaibisha? Baba amekupokea, wazee wamekaa, na wewe unazunguka na ungo! Unataka watu waseme nini? Ninywe nini, nile nini mpaka mavuno? Hawa ni sisimizi!"

Nilimwangalia Josia machoni. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kubadilika rangi, au labda woga wangu ndio ulioupaka. Sijui. Alifungua kinywa kama kinda na kijiko kikaingia.

Niliwaza kumnunulia unga mjini. Lakini kihenge kilikuwa cha mwaka mzima, Kabula angekula humo na kumnyonyesha. Niliwaza kungoja kesho, kama Marcelo alivyosema, nipewe jina langu kwanza kisha niwabembeleze. Lakini kesho Mayige angesimama na kusema yamekwisha, na baada ya hapo nani angemwaga mahindi kwa sababu ya bibi mmoja na mwiba wake? Watu hawa nilikuwa nawajua. Ukungu hawauogopi. Walichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na niliwahi kuona wakimwaga kihenge kizima kwa ajili yake, tena siku hiyohiyo.

Nikaweka ungo chini. Nikaenda mbele ya wazee, nikapiga magoti.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?" Mboje akauliza.

"Hawa nimewatuma mimi. Na wale wa zamani niliwatuma mimi. Dawa yenu nimeipita. Atakayekula punje ya kihenge hiki, asinililie."

Kuku walisikika wakichakura. Nilimtazama Mayige, maana nilidhani atanirukia. Hakuruka. Alipumua, mabega yakashuka, uso ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile hakuwa na hakika. Alilala na shaka. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye shaka, kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Nyuma yangu Nyanjige alipiga ukelele. Niligeuka. Alikuwa amempokonya Kabula kikombe na kukimwaga mbali, anamfuta mtoto kinywa kwa upindo wa nguo yake, ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Niliangalia mpaka akamaliza.

Mboje alikuwa amesimama na fimbo. Marcelo akaingia katikati, mikono imenyooshwa.

"Kesho kuna sakramenti katika nyumba hii. Hakuna atakayemwaga damu hapa. Hakuna!"

Walibishana juu ya kichwa changu nikiwa bado nimepiga magoti. Mwisho Mboje akatamka. Kihenge kimwagwe, mahindi yachomwe na kihenge chenyewe. Mimi nisikanyage tena Nkoma. Mtu yeyote wa pale atakayenisalimu, kunipa moto au kuniuzia chumvi, atozwe ng'ombe. Hata nikifa wasije kunizika. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayepanga kazi za shamba.

Marcelo alinisindikiza mpaka barabarani. Hakutembea ubavuni mwangu, alitembea nyuma. Tulipofika alifanya ishara ya msalaba, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili yake, akarudi haraka.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Bodaboda zilipita, sikupunga. Nilitaka kuona moshi kwanza. Nilijua tabia ya Mayige, anaweza kutazama lundo lile la mahindi akabadili mawazo, na hapo nitakuwa nimejichoma bure.

Kabla ya moshi alikuja Kabula. Alikuja mbio, mtoto mgongoni, akasimama mbali kidogo, upande wa pili wa barabara.

"Mayu!"

"Rudi nyumbani, ng'wanawane, mwanangu. Watakutoza."

"Niambie mimi peke yangu. Ni kweli?"

Alitaka niseme hapana. Nililiona hilo wazi kama ninavyokiona kiganja changu, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Kabula tangu utoto hakuweza kumficha baba yake kitu. Angerudi na hilo hapana usoni, Mayige angelisoma, na mahindi yalikuwa bado yamelundikwa uani, watu wakingoja mafuta ya taa.

"Ndiyo," nikasema.

Alivuta kitenge akamfunika Josia kichwa, asinione, au nisimwone.

"Kwa nini hukusema wakati ule?" Alikuwa analia sasa. "Walikuambia ukikiri watakusafisha. Ungesema wakati ule ungebaki. Ningekua na mama."

Jibu la kweli lingerudi naye mpaka kwenye lile lundo. Alingoja, kisha akageuka akaenda, na kichwa kidogo kikawa kinachezacheza chini ya kitenge mpaka walipoingia kwenye mashamba.

Baadaye moshi ukapanda kutoka upande wa kwa Mayige, mweupe na mzito, moshi wa kitu chenye maji. Ulichukua muda mrefu kuinuka. Nilipoona umefika juu ya miti, nilisimama, nikakung'uta kitenge changu kipya, nikaanza kutembea kuelekea Bariadi.